Shajara ya mradi: Jivu anafanya nini huko nje?

Siku ya 1

Mradi huu umeanzishwa na mdomo wazi. Jana jioni paka wangu Jivu alinusa nguzo ya lango, akainua kichwa, akauacha mdomo umefunguka nusu kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, akabaki hivyo sekunde nane hivi. Kisha akajitupa chini na kugaagaa vumbini, tumbo juu, mpaka ukijivu wake wote ukageuka udongo. Akainuka, akajikung'uta, akaenda kukaa mbele ya tundu la bomba la maji machafu na kulikodolea macho kwa dakika arobaini na tano. Jirani yetu mzee alikuwa akipita, akasimama. "Mwanangu," akaniambia, "huyu paka wako ana lake jambo."

Nina paka wawili. Jivu ni dume la miaka 4, amehasiwa. Kipusa ni jike wa miaka 2, ametolewa kizazi, na nje hakutaki: akifika kizingitini anarudi. Jivu hutoka alfajiri na jioni, na mpaka jana sikuwahi kujiuliza kwa dhati anakwenda wapi.

Niandike malengo mapema nisije nikajidanganya baadaye. Kwa wiki 8 nitaandika kila anachofanya Jivu nje, hata kinachoonekana upuuzi. Sambamba na hilo nitajenga uzio wa wavu nyuma ya nyumba, ili wote wawili wapate jua na upepo bila kuweka roho rehani. Vifaa: daftari, simu ya zamani niliyoifunga dirishani iwe kamera, na kifaa kidogo cha GPS cha kuvaa shingoni.

Siku ya 3

Siku mbili zimeishia kwenye kola. Niliyokuwa nayo ina mpira unaonyumbuka, nami nilidhani huo ndio usalama wenyewe. Sivyo. Paka akihangaika kuivua, mguu wa mbele hupenya ndani, kola ikamkata kwapani, na akiwa mafichoni hakuna wa kumnusuru. Mpya ina kifungo kinachoachia chenyewe kikivutwa kwa nguvu. Niliitundika kwenye kitasa cha mlango nikaivuta: ikaachia. Kipimo cha kukaza ni vidole viwili kati ya kola na shingo.

Halafu chipu. Watu wengi, nami nikiwemo zamani, hudhani chipu iliyo chini ya ngozi inaonyesha paka alipo. Haionyeshi kitu. Haina betri wala haitumi habari. Ni namba ya tarakimu 15 inayosomwa na kifaa kikisogezwa karibu yake, basi. Namba hiyo ina maana tu ikiwa sajili ina anwani yako sahihi. Nimeingia kuhakiki, nikakuta simu iliyoandikwa ni ya laini niliyoiacha miaka miwili iliyopita. Yaani kwa miaka miwili Jivu ametembea na kitambulisho kinachoelekeza watu kwa mtu asiyemjua. Kurekebisha kulichukua dakika sita.

Siku ya 6

Ramani ya kwanza. Kwa mujibu wa kifaa, saa nane usiku Jivu alivuka barabara, akapita juu ya nyumba tatu na kurudi, yote kwa dakika nne. Saa nane usiku Jivu alikuwa amelala juu ya mguu wangu. Nakumbuka vizuri kwa sababu mguu ulikuwa umekufa ganzi. Chini ya paa GPS inabahatisha, na nukta moja peke yake si ushahidi. Nimeanza kufuta kila nukta inayoruka zaidi ya mita 50 ndani ya nusu dakika.

Baada ya kuchuja, mbali kabisa alikofika ni mita 90 kutoka mlangoni. Nilijiandaa kukuta msafiri, nimekuta mlinzi wa zamu. Wala si yeye tu: Roland Kays na wenzake walipochapisha mwaka 2020 matokeo ya paka 925 wa kufugwa waliovalishwa GPS, wengi wao walitumia muda wao ndani ya mita 100 hivi kutoka nyumbani kwao.

Kilichonishtua zaidi ni saa. Nukta zinasongamana alfajiri na magharibi, mchana karibu hakuna. Hizo ndizo saa za panya na ndege, na ndizo alizorithi kutoka kwa paka mwitu wa Afrika, ambaye ndiye babu wa paka wote wa majumbani. Bahati mbaya ndizo pia saa ambazo dereva haoni vizuri: taa za gari bado hazijapata giza la kushindana nalo, na paka wa kijivu juu ya lami ya kijivu ni kivuli tu. Kuanzia leo chakula cha jioni kinatengwa kabla jua halijazama, na mlango unafungwa akishaingia. Leo ameingia mbio. Tuone itadumu siku ngapi.

Siku ya 9

Nimepata majibu ya vile vituko vitatu vya siku ya kwanza, na yote ni ya kawaida kiasi cha kunifedhehesha.

Mdomo wazi: nyuma kidogo ya meno ya juu ya mbele kuna vitundu viwili vidogo, vinavyopeleka harufu kwenye kiungo kilichojificha juu ya kaakaa. Paka akikutana na mkojo wa mwenzake hainusi tu. Anaivuta harufu ile kinywani na kuichambua. Uso ule unaofanana na bumbuwazi ni uso wa mtu anayesoma barua. Barua ya nani, hilo ndilo sikujiuliza.

Kugaagaa: ana tezi za harufu mashavuni, kwenye paji la uso, kidevuni, chini ya mkia na katikati ya vidole. Akijisugua ardhini anaacha harufu yake na kuchukua ya pale, na papo hapo anakuna mgongo asioufikia. Jike lisilotolewa kizazi likigaagaa huku likilia na kuinua kiuno ni habari nyingine: hilo limo kwenye joto, na madume wa mtaa mzima wameshaarifiwa.

Tundu la bomba: hapa nilifanya jaribio. Nililala kifudifudi kando yake na kuweka sikio. Sikusikia kitu. Jivu masikio yake yalikuwa yakigeuka, moja kwanza, la pili likafuata, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Binadamu sauti zetu za juu zinakomea kilohezi 20 hivi (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Paka anasikia kupita kilohezi 60, na panya wanaitana huko juu tusikofika. Nikaiacha simu pale usiku ikirekodi picha. Saa tisa na nusu: panya wawili, mmoja mkubwa. Kwa hiyo Jivu hakuwa akikodolea tundu. Alikuwa akisikiliza mazungumzo.

Siku ya 12

Kwenye ramani kuna doa moja linalojirudia kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni, nyumba ya pili upande wa kushoto. Nilikwenda kubisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Kabla sijaeleza, Jivu akatokea nyuma ya pazia. Yule mama akamtazama kwa fahari. "Huyu ni Sultani. Kaja mwenyewe, mwaka jana."

Nilieleza kwa upole kwamba Sultani ana jina lingine, ana chipu, na ana chakula nyumbani. Tulicheka. Ila maneno yaliyofuata yaliniondolea kicheko: alisema anampenda kwa sababu anasaidia, maana panya wamezidi stoo mpaka ameweka sumu.

Sumu nyingi za panya hazimuui palepale. Zinazuia damu kuganda, na panya huishi siku kadhaa akizidi kulegea, akitembea mchana peupe, rahisi kukamatwa. Paka akimla huyo, naye anaweza kuanza kuvuja damu ndani kwa ndani siku kadhaa baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka panya. Dalili ni ufizi mweupe, kuhema, michubuko, uchovu usio na sababu. Dawa ipo, ni vitamini K1, lakini inataka kuwahi na inatolewa kwa wiki kadhaa. Nilimweleza hivyo, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi twende tukaitoe sasa hivi, usije ukaniachia dhambi." Tuliitoa pamoja kwa glavu. Nimempa mitego miwili ya kufyatuka iliyo ndani ya boksi lenye tundu dogo, panya anaingia, mguu wa paka hauingii.

Alikataa kuacha kumwita Sultani.

Siku ya 15

Ukaguzi wa ua na ghala. Nimekuta maji ya rejeta yaliyovuja sakafuni. Yenye ethilini glikoli yana utamu, na kijiko kimoja tu kinatosha kuua figo za paka. Nimefuta, nimeosha, kopo liko juu na limefungwa. Nimekuta pia dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini: mbwa anaivumilia, paka inamtia degedege, hata kwa kulala karibu na mbwa aliyepakwa punde. Parasetamo hivyo hivyo, nusu kidonge ni hatari. Na maua ya yungiyungi wa bustani tuliyoletewa zawadi nimeyatoa nje ya nyumba moja kwa moja, maana hata chavua ikimwangukia manyoyani na akajilamba, figo zinaweza kukoma. Kazi ya nusu siku, haina hadithi.

Siku ya 19

Barua ilikuwa ya nani? Kamera imejibu. Saa kumi alfajiri, dume jeusi na jeupe, kichwa kikubwa, mashavu mapana kama ameficha njugu, sikio la kushoto limechanika. Mashavu yale huota kwa madume wasiohasiwa. Akaiendea nguzo ya lango, akaipa mgongo, mkia wima ukitetemeka, akarusha mkojo. Akaondoka bila haraka. Nimempa jina la Mgeni.

Nimeangalia kadi ya Jivu: chanjo ya kichaa cha mbwa haijaisha muda. Majeraha ya kung'atana ndiyo njia kubwa ya kueneza kirusi cha upungufu wa kinga cha paka, na jeraha dogo la jino likifunga juu linaacha usaha chini. Nimejiwekea sharti: wakishikana, maji au blanketi, kamwe si mikono.

Jambo la kufurahisha leo: Jivu alimwona ndege kupitia dirishani akaanza kutetemesha taya, kakakaka, kama anayesikia baridi. Nimejaza ukurasa mzima juu ya hilo.

(Pia: siku tatu sasa hajapanda ukutani jioni.)

Siku ya 23

Naandika usiku, mkono bado hautulii.

Saa moja kasoro asubuhi Jivu alitoka. Alichimba kwenye udongo laini karibu na mnazi wa mapambo, akachutama. Akasogea hatua mbili, akachimba tena, akachutama. Niliandika: "Anaweka alama? Anamjibu Mgeni?" Nilifurahi hata, kwa sababu ilikaa vizuri kwenye nadharia yangu. Saa moja na dakika 5, mara ya nne. Mkia ulikuwa chini, mgongo umejikunja, na hakufukia. Paka anayeweka alama husimama, mkia juu, anarusha nyuma. Huyu alikuwa amekaa, anajikamua. Nililiona hilo kwa macho, na kalamu yangu ikaendelea kuandika "alama".

Saa moja na robo alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nzito, ya chini, kama inatoka tumboni na si kooni. Nikaenda kugusa udongo pale alipochutama. Mkavu. Pote panne, pakavu.

Niliyempigia kwanza aliniambia ni choo kigumu, nisubiri mpaka kesho. Wa pili, daktari wa mifugo, hakuniuliza chochote kuhusu choo. Aliuliza: "Umeuona mkojo wake mara ya mwisho lini?"

Nikafungua daftari. "Jana saa moja usiku, kwenye sanduku la mchanga. Donge dogo, kama karanga."

"Na kabla ya hapo?"

"Juzi. Madogo pia, mara tano."

"Mlete sasa hivi. Usimminye tumbo. Usimpe kitu."

Njia ya mkojo ya dume ni ndefu na nyembamba, nyembamba zaidi karibu na mwisho. Fuwele zikishikana na kamasi zinaunda kizibo, kibofu kinajaa, figo zinashindwa kumwaga, na potasiamu inapanda kwenye damu mpaka moyo unapotea mdundo. Jike hupata uvimbe wa kibofu vilevile lakini huziba kwa nadra, kwa kuwa njia yake ni fupi na pana. Kwa dume lililoziba, hesabu ni ya saa. Siku mbili au tatu bila msaada ni kifo. Kibofu cha Jivu, daktari alisema, kilikuwa kigumu kama chungwa. Alilazwa usingizi, akazibuliwa, akawekewa mpira wa mkojo na dripu. Moyo wake ulikuwa unakwenda polepole kuliko inavyotakiwa, lakini ulikuwa unakwenda.

Siku ya 24

Nimemwona kupitia vioo. Amevikwa koni shingoni, ananitazama kwa lawama. Daktari aliuliza kama kuna jipya nyumbani: mtoto, mgeni, kuhama, ujenzi. Nikasema hapana. Nilikuwa nimeshafika kwenye mlango wa nje ndipo nikarudi. "Kuna dume jipya. Anakojolea lango letu kila alfajiri."

"Hilo ni jipya kubwa," akasema. "Hofu peke yake sitaisingizia, kuna fuwele na anakunywa maji kidogo. Ila kibofu cha paka kinasikia kila kinachotokea nyumbani."

Siku ya 27

Yuko nyumbani tangu jana. Chakula kipya cha majimaji, bakuli za maji tatu sehemu tofauti, masanduku ya mchanga matatu kwa paka wawili. Nje hapana.

Nimesoma daftari upya tangu ukurasa wa kwanza, safari hii na wino mwekundu. Yote niliyoyawekea alama ya mshangao, mdomo wazi, vumbi, bomba, taya, ni mambo ya kila paka tangu paka aumbwe. Yaliyokuwa na maana yako matatu, na hayana hata alama moja. Siku ya 16 hakupanda ukutani, akaacha kabisa. Siku ya 20 alianza kuzunguka ua kwa kuambaa msingi wa nyumba badala ya kukatiza katikati. Siku ya 21 alikwenda kwenye mchanga mara tano. Mwonyeshe mtu mwingine mistari hiyo, atasema sasa hapa kuna nini? Paka hakupanda ukuta. Lakini Jivu ameupanda ukuta ule kila jioni kwa miaka mitatu, mvua ikinyesha ama isinyeshe. Nilikuwa namlinganisha na paka kwa jumla, nikaacha kumlinganisha na Jivu wa juzi.

Nimechora upya kurasa zilizobaki. Safu ya kwanza upande wa kushoto sasa inaitwa "Leo hakufanya". Mkojo una safu yake: mara ngapi, donge kiasi gani.

Siku ya 33

Uzio. Vipimo: mita 3 kwa mita 2, kimo mita 2, umeegemea dirisha la nyuma ili watoke na kuingia kupitia hapo bila kugusa ua.

Kosa la kwanza: waya wa kuku. Ni rahisi kukata na mwepesi, nikaona nimepata. Nilipoegemeza kiganja, tundu zilitanuka kama soksi kuukuu. Unazuia kuku asitoke. Haumzuii mbwa asiingie. Nimeung'oa wote, kazi ya siku moja imepotea. Sasa ni wavu mgumu uliochomelewa, tundu za sentimita 2.5, umekazwa kwa skrubu na washa pana (vipete vya chuma), maana pini za bunduki ya stepla zinachomoka paka mzito akipanda.

Chini nimeukunja wavu kuelekea nje kwa sentimita 30 na kuufukia. Juu umefunikwa wote. Nusu wavu, nusu bati lililopandishwa mbao chini yake ili kusiwe tanuri. Paka akihema mdomo wazi kama mbwa kwa joto hafanyi mchezo, ameshazidiwa. Rafu nne kwa vimo tofauti, na ya juu kabisa iko usawa wa ule ukuta.

Upande unaotazama lango nimeuziba kwa mbao mpaka kimo cha mita moja. Mwanangu aliuliza kwa nini naharibu mandhari. Nikamwambia Jivu anahitaji mahali pa kuona bila kuonekana. Akafikiri, akasema, "Kama mimi na pazia la chumbani." Naam.

Siku ya 41

Kipusa ametoroka. Yeye, asiyevuka kizingiti.

Mlango wa uzio niliuwekea komeo moja, katikati. Ukisukumwa juu, kona inajipinda na kuacha upenyo wa vidole vinne. Kichwa cha paka kikipita, mwili unafuata, kwa sababu mfupa wake wa bega haukushikamana na kifua kama wetu. Nilikuta kishungi cha manyoya kwenye kona na uzio mtupu.

Kosa ambalo nusura nilifanye ni kuzunguka mtaa mzima nikipaza sauti. Paka wa ndani aliyejikuta nje haendi mbali. Anajichimbia palipo karibu na kunyamaza kimya, hata akikusikia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, wa zaidi ya paka 1,200 waliopotea, ulionyesha kuwa robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500, na wa ndani tu walikuwa karibu zaidi. Kwa hiyo nilitafuta kidogo-kidogo: kila uvungu, kila rundo, kila nyuma ya tangi, kwa magoti.

Siku ya 43

Amepatikana saa saba usiku, mita 35 kutoka nyumbani, chini ya rundo la mbao nyuma ya kwa mama wa Sultani. Tochi niliishika kando ya jicho langu, si kiunoni, maana utando wa nyuma ya jicho la paka unarudisha mwanga kule ulikotoka. Vikawaka viduara viwili vya kijani. Sikumvuta. Nilikaa chini nikiwa nimempa ubavu, nikafumba macho polepole na kuyafumbua. Ilichukua saa moja na dakika 10, mbu wakinila. Yule mama alikuwa amekaa kwenye kibaraza chake na khanga kichwani, akininong'oneza: "Taratibu, mwanangu. Anakuja. Anakuja huyo."

Mlango sasa una makomeo mawili, juu na chini, na mbele yake nimejenga kichumba cha mlango wa pili. Hufungui wa nje mpaka wa ndani umefungwa.

Siku ya 47

Jivu na mkanda wa kifua. Alipovalishwa mara ya kwanza alianguka ubavu kama aliyepigwa risasi, akalala hivyo robo saa. Siku ya nne akatembea. Tahadhari moja tu: paka akiogopa hurudi kinyumenyume, na mikanda mingi inachomoka hapo. Jaribu ndani kwanza kwa kumvuta taratibu kutoka mbele.

Kwa kuwa hawindi tena, tunacheza na kamba yenye unyoya dakika kumi kila jioni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walionyesha mwaka 2021 kwamba mchezo wa dakika 5 hadi 10 kwa siku hupunguza windo analoleta paka nyumbani kwa robo, na chakula chenye nyama nyingi hupunguza kwa asilimia 36. Kengele ya shingoni, ambayo kila mtu huniuliza, haikuonekana kusaidia.

Siku ya 52

Mgeni. Nimeulizia nyumba zote za karibu, hana mwenyewe. Alinaswa kwa kizimba cha chakula, nikakifunika shuka mara moja, akatulia. Hana chipu. Amehasiwa, amechanjwa, ncha ya sikio lake la kulia, lile lisilochanika, imekatwa kidogo ili ajulikane kwa mbali kuwa ameshashughulikiwa. Daktari anasema homoni huchukua wiki kadhaa kushuka, na kurusha mkojo kutapungua bila ahadi ya kukoma. Mama wa Sultani ameomba amlishe yeye. "Maana wangu umenifungia," akasema.

Nguzo ya lango nimeiosha kwa sabuni yenye vimeng'enya.

Siku ya 56

Kamera, saa kumi na moja na nusu alfajiri: Mgeni amepita, amenusa nguzo, ameacha mdomo wazi kidogo, ameendelea na safari. Hakurusha kitu.

Jioni: Jivu amepanda rafu ya juu saa kumi na mbili kasoro dakika 10 na kukaa mpaka giza lilipoingia, masikio yakielekea kwenye bomba. Kipusa rafu ya pili, mgongo kwa lango.

Leo hakufanya: hakuna.

Mkojo: mara tatu. Donge la mwisho saa mbili usiku, ukubwa wa limau.